Panja lamuuma mzee, taya nalo lachoka: maswali kuhusu steroidi

Nyanya yangu ana miaka 74, yuko Langoni hapa Lamu. Panja lamuuma wiki ya 2 sasa, akichana nywele kichwa chauma, akitafuna tambuu taya lachoka. Jirani asema ni kipanda uso tu?

Kipanda uso kipya uzeeni usikichukulie poa, hasa taya likiuma kwa kutafuna. Kuna ugonjwa wa mishipa ya damu ya kichwani kuvimba, huwapata waliopita miaka 50, wanawake zaidi. Wazungu wa Ulaya kaskazini ndio huupata sana, kwetu ni nadra, lakini nadra si kusema haupo. Hatari yake ni macho, damu isipofika kwenye jicho mtu anapofuka na mara nyingi hayarudi tena. Mpeleke hospitali leo, si kesho, wampime ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha kama mwilini kuna uvimbe.

Dawa gani?

Predinisoloni, ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Huanzwa miligramu 40 mpaka 60 kwa siku, yaani vidonge 8 hadi 12 vile vya miligramu 5, watu wakiona rundo hilo hudhani daktari kakosea. Kama macho yashaanza kuingia giza anaweza kutundikiwa methilipredinisoloni ya mshipani siku 3 kwanza. Na daktari akishuku sana haingojwi kipande cha mshipa kikatwe kipimwe, dawa inaanza siku ile ile, kipande kitakatwa baadaye.

Kichwa kikipoa aache?

La hasha! Kichwa hupoa siku chache tu, ndipo wengi huziacha. Mwili ukizoea steroidi, tezi zake zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe hulala, ukikata ghafla presha yashuka, mtu azimia, hata kufa. Daktari ndiye anapunguza dozi kidogo kidogo, mwaka au zaidi.

Na Ramadhani?

Humezwa asubuhi na chakula kwa hivyo daku yaweza kufaa, ila mwanzoni dozi ikiwa kubwa mgonjwa ana ruhusa ya kula, aongee na daktari wake.

Madhara je?

Sukari na presha kupanda, mifupa kulika (ndio maana huongezewa kalisiamu na vitamini D), mtoto wa jicho, usingizi kukata. Kwetu pwani mwambieni daktari pia kuhusu TB ya zamani na minyoo, kuna aina inayoingia kwa miguu pekupeku na steroidi huifanya izaliane mwilini mpaka iue.

Hakuna dawa nyingine?

Ipo sindano ya tosilizumabu, Marekani waliikubali kwa ugonjwa huu 2017, huongezwa juu ya steroidi ili zipunguzwe mapema, lakini bei yake si ya mchezo. Wengine hupewa methotrekseti.