Kitenge cha sare, mshono wako

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi, sisi mafundi cherehani wa Mtwara usingizi unakuwa wa kuibia. Wateja wanakuja na kitenge mkononi na picha kwenye simu: "Fundi, nataka kama huu." Kabla sijashika futi kamba namuuliza: utauvaa wapi, na ukishauvaa utakuwa unafanya nini?

Picha haitoi jasho. Yule wa kwenye picha amesimama, na mara nyingi gauni limebanwa pini mgongoni lisionekane kupwaya. Wewe utapanda bodaboda mpaka Mikindani, utakaa juani ngoma ikipigwa, utabeba mtoto. Satini ya poliesta, hata kama mjini ndiyo inayotamba, kwa joto letu la pwani itakugandia mwilini. Wa Newala, kule juu kwenye kibaridi, labda atavumilia.

Mimi nashauri hivi: umbo la nguo liwe lako, fasheni iingie sehemu moja tu. Ukijijua unapendezwa na gauni linalobana kifuani na kuachia kuanzia kiunoni, baki nalo. Mikono ya puto ikija, tuiweke kwenye gauni hilohilo. Ikipita, tunafumua mikono tu, na mwili wa gauni hauguswi. Fasheni ikikaa kwenye umbo zima, siku ikipita inaondoka na yadi zako zote 6. (Vipande vinavyobaki ondoka navyo. Fundi anayekwambia havifai kitu anavitaka yeye.)

Kazi ipo kwenye sare. Unyago au harusi, kitenge wamekichagua wenzako, huna sauti. Hapo ndipo mwenye staili yake anapojulikana. Kitambaa ni kimoja, lakini huyu ameomba ua kubwa likae katikati ya kifua, yule ametaka pindo la kitambaa litokee chini ya sketi, mwingine amepachika tu popote mkasi ulipoangukia. Nina mteja, mama mtu mzima, ambaye kila sare lazima iwe na kola ndogo ya kusimama na mifuko miwili. Mabega wazi yamekuja na kwenda, mama na mifuko yake. Hata akikupa mgongo utajua ni yeye.

Wanaume nao wasijione wamepona: bugaluu za miaka ya 1970 zilichekwa sana, leo vijana wanachambua mitumba wakitafuta suruali za miguu mipana.

Ukija kwangu, kitenge cha pamba kiloweke kwanza, ukianike kivulini, maana hupungua kikifuliwa mara ya kwanza. Nitaacha inchi moja ndani ya mishono ya ubavuni, mwili ukiongezeka tuachie. Na nyie wa sherehe za Desemba, jamani, msiniletee vitambaa siku tatu kabla ya shughuli.