Je, mchoraji alipaka pazia la jukwaa mwenyewe?

Wengi huamini kwamba wachoraji wa mkondo mpya wa sanaa (avant-garde) waliobuni majukwaa ya Urusi na Paris katika miaka ya 1910 na 1920 walipaka wenyewe yale mapazia makubwa. Inaeleweka, maana jina lao ndilo lililochapishwa kwenye programu ya onyesho.

Kwa kawaida mchoraji alitoa mchoro mdogo wa karatasi, na mafundi wa karakana wakaukuza. Mchoro hupigwa miraba: kwa kipimo cha 1:25, mraba wa sentimita 2 huwa nusu mita kwenye kitambaa kilichotandazwa sakafuni. Rangi ya unga huchanganywa na gundi ya moto, na hapo ndipo penye kazi. Gundi ikipungua, rangi hupukutika. Ikizidi, rangi hung'aa chini ya taa na kupasuka kitambaa kikikunjwa. Tena rangi hupauka ikikauka, hivyo hujaribiwa kwanza pembeni. Wapo wachoraji walioshika brashi, hasa kwa marekebisho ya mwisho.

Ukiwa makumbusho, soma vipimo kwenye kibao: sentimita 30 kwa 45, karatasi, ni mchoro wa kazi, si pazia lenyewe.