Upendeleo katika filamu za kesi zenye utata: ni nini, na unaingilia wapi

Filamu ya hali halisi kuhusu kesi ya jinai inaweza kuegemea upande mmoja bila kutamka uongo hata mara moja. Mashahidi ni wale wale waliofika mahakamani, hati ni halisi, nyumba inayoonyeshwa ndiyo nyumba yenyewe, na bado mtazamaji akaamka kwenye kiti akiamini jambo ambalo ushahidi mzima hauliungi mkono. Upendeleo katika filamu za aina hii ni ule uchaguzi, mpangilio na uachaji wa mambo unaofanya jibu moja lionekane kuwa ndilo la pekee. Kwa hiyo kuuliza "je, walidanganya?" hakutoshi. La kuulizwa ni kipi kiliachwa, kipi kilitangulizwa, na nani hakusikika.

Watazamaji wa Uganda wana mazoezi ya jambo hili. Kwenye vibanda vya video, VJ (mtafsiri na mchekeshaji wa filamu) hushika maikrofoni akaitafsiri filamu kwa Kiluganda huku inaendelea, na humo humo akamkejeli mhusika huyu na kumpamba yule. Picha haijaguswa, lakini kibanda kizima kimeshapangiwa nani wa kuchukiwa. Tofauti ni kwamba VJ anajulikana yupo. Msimulizi wa filamu ya kesi huongea kwa upole na haweki utani, ndiyo maana hatiliwi shaka. Zile zisizo na msimulizi kabisa ndizo za kuangaliwa zaidi, kwa kuwa humo usimulizi umeachiwa muziki na mkasi wa mhariri.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, si la mkasi. Ni kuchanganya maswali matatu: nani alitenda, je kesi iliendeshwa kwa haki, na je adhabu ilistahili. Majibu yake hayategemeani. Mtu anaweza kuwa ametenda na bado akawa amenyimwa kesi ya haki. Anaweza pia kupata kesi iliyofuata kila kanuni na bado asiwe yeye.

Kesi ya Susan Kigula inaonyesha jinsi mambo haya yanavyopotezana. Alihukumiwa kifo mwaka 2002 kwa mauaji ya mwenzi wake, kosa alilolikana muda wote, na sehemu ya ushahidi dhidi yake ilitoka kwa mtoto mdogo wa marehemu. Akiwa gereza la Luzira, yeye na wafungwa wengine 417 walipinga adhabu ya kifo mahakamani. Tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo, na kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu bila kunyongwa baada ya rufaa yake ya mwisho adhabu yake igeuzwe kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2011 adhabu ya Kigula ilipangwa upya kuwa miaka 20, na mwaka 2016 akatoka. Simulizi nyingi za safari yake husema "alishinda kesi yake". Alishinda kweli, lakini aliyoishinda ilihusu adhabu. Hakuna uamuzi kati ya hiyo uliosema hakuua, na hakuna uliorudi kuthibitisha upya kwamba aliua. Filamu ikikurusha kutoka kizimbani moja kwa moja hadi kwenye lango la Luzira likifunguka, swali la kwanza linakuwa limejibiwa kimyakimya kwa kutumia jibu la swali la tatu.

Kinyume chake ni Edmary Mpagi, aliyehukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye alikuwa hai. Hapo swali la kwanza lina jibu lisilo na mjadala. Hata hivyo alitoka mwaka 2000 kwa msamaha wa Rais, si kwa kuachiwa na mahakama. Makala ikisema "mahakama ilimwona hana hatia" itakuwa imekosea hata kama moyo wake uko mahali sahihi, na kosa hilo linaficha jambo zito: kwamba njia ya kawaida ya rufaa haikumwokoa.

Sasa tuingie kwenye chumba cha kuhariri. Mfano unaoeleza vizuri nguvu ya mpangilio unatoka Marekani, kwenye mfululizo wa kituo cha televisheni cha HBO wa mwaka 2015 kuhusu Robert Durst, tajiri aliyeshukiwa kwa mauaji. Mwishoni Durst anaingia msalani akiwa bado amevaa maikrofoni, anasikika akijiuliza amefanya nini, kisha anajijibu kwamba amewaua wote. Nakala ya maneno yake iliyofika mahakamani miaka minne baadaye ilionyesha kwamba mpangilio ulikuwa mwingine. Maneno ya kuua yalitangulia, yakafuata maneno mengine kadhaa yasiyounganika, na lile swali likaja mwisho. Sauti ni yake na kila neno alilitamka. Lakini swali likifuatwa na jibu ni ungamo, na maneno yale yale yakitawanyika ni manung'uniko ambayo kila wakili angeyasoma kivyake. Durst alipatikana na hatia ya mauaji mwaka 2021, kwa kesi iliyokuwa na ushahidi mwingine pia. Hatia yake haifanyi mkato ule uwe wa haki.

Mfululizo wa Netflix wa Desemba 2015 kuhusu Steven Avery wa Wisconsin, Marekani, aliyeshtakiwa kwa mauaji, una mkato wa aina hiyo. Askari mmoja aliyekuwa akitoa ushahidi mahakamani aliulizwa swali ambalo upande wa mashtaka ulilipinga, na kwenye filamu "ndiyo" aliyoitoa kwa swali jingine ikaonekana kama jibu la hilo. Askari alishtaki. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho ilitupa madai yake, ikiona kwamba maana haikupotoshwa kwa kiwango cha kashfa na kwamba nia mbaya haikuthibitishwa. Hilo ni jambo la kukumbuka: kipimo cha sheria ya kashfa kiko chini sana kuliko kipimo cha ukweli. Filamu inaweza kuvuka cha kwanza kwa urahisi na bado ikaanguka kwenye cha pili.

Mfululizo huo huo unafundisha pia kuhusu kuacha. Avery alikuwa amefungwa miaka 18 kwa ubakaji ambao vinasaba vilionyesha hakuufanya, akaachiwa 2003, kisha akashtakiwa kwa mauaji yaliyotokea 2005. Filamu inaanza na dhuluma ile ya kwanza, na hapo ndipo mtazamaji anaposhikwa: kutokuwa na hatia mwaka 1985 kunageuka kuwa kama ushahidi wa mwaka 2005, ingawa si ushahidi. Baadaye mwendesha mashtaka alilalamika kwamba vitu kadhaa vilivyotajwa kwenye kesi havikuonyeshwa, kikiwemo kinasaba cha Avery kwenye komeo la boneti ya gari la marehemu. Watengenezaji walijibu kwamba walichukua yaliyokuwa na uzito zaidi. Huenda waliamini hivyo. Ila aliyechuja uzito ni yule yule aliyekuwa na hadithi ya kusimulia.

Kuna upendeleo mwingine usiotokana na nia ya mtu yeyote, nao ni wa nani anakubali kuongea. Mfungwa na jamaa zake wana kila sababu ya kufungua mlango. Wakili wa utetezi naye anajua filamu inaweza kumletea msaada wa rufaa. Jaji haongei nje ya hukumu yake, waendesha mashtaka huwa wagumu hasa rufaa ikiwa bado inaendelea, na familia ya marehemu mara nyingi haitaki kamera msibani. Matokeo yake ni saa nne za sura za upande mmoja, na upande wa pili ni maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: "Walikataa kuzungumza nasi." Kukataa huko kunasomeka kama kuficha. Mtengenezaji mwaminifu angesoma kwa sauti hoja za upande usiokuwepo kutoka kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa muda wa kutosha na bila muziki wa kutisha chini yake.

Kwa Uganda, picha za kumbukumbu zina tatizo lake. Watuhumiwa wameshaonyeshwa mara nyingi mbele ya waandishi wakiwa na pingu, kabla ya kufikishwa mahakamani, wakati mwingine wakijieleza wenyewe kwenye kamera. Filamu ikiichukua picha hiyo miaka baadaye, mtazamaji anaona mtu akikiri. Mahakama haikuona hivyo. Chini ya sheria ya ushahidi ya Uganda, maelezo ya kukiri kosa yaliyotolewa polisi hayapokelewi isipokuwa yametolewa mbele ya afisa mwenye cheo cha Msaidizi wa Inspekta au zaidi, au mbele ya hakimu. Na mshtakiwa akiyakana, jaji husikiliza kwanza kesi ndogo ndani ya kesi kuamua kama yalitolewa kwa hiari. Ibara ya 28 ya Katiba inamhesabu mtu hana hatia hadi ithibitishwe. Kipande cha sekunde kumi cha mtu mwenye pingu hakijapita kwenye mlango wowote kati ya hiyo.

Vivyo hivyo kwa shahidi anayesema "nilimwona." Tangu kesi ya Abdulla Nabulere ya mwaka 1979, mahakama za Uganda huuliza mambo mahususi: mwanga ulikuwaje, umbali gani, alimtazama kwa muda gani, na je alimfahamu kabla. Filamu huuliza "ulijisikiaje?" Machozi yanapigwa picha vizuri; taa ya kibatari iliyokuwa mita nane nyuma ya nyumba haipigwi. Ukitazama, andika majibu ya yale maswali manne kila shahidi anapoongea. Mara nyingi utakuta filamu haina hata moja.

Uigizaji wa tukio unaogopwa kuliko unavyostahili. Filamu ya mwaka 1988 kuhusu Randall Dale Adams, aliyehukumiwa kifo Texas kwa kumpiga risasi polisi, iliigiza tukio mara kadhaa, kila mara kwa maelezo ya shahidi tofauti, mpaka mtazamaji akaona yasivyopatana. Ilikuwa na upande, na haikujificha. Mwaka 1989 hukumu ilifutwa na Adams akatoka. Uigizaji unaodhuru ni ule unaoonyesha toleo moja tu, kwa mwanga mzuri, bila kusema ni la nani.

Na filamu inaweza kuwa sahihi kuhusu kesi, ikakosea kuhusu mhusika. Ile ya kwanza kuhusu vijana watatu wa West Memphis, Marekani, waliofungwa kwa mauaji ya watoto, ya mwaka 1996, ilizua maswali ya msingi juu ya ushahidi uliowafunga. Ya pili, mwaka 2000, ilielekeza shaka kwa baba wa kambo wa mmoja wa watoto waliouawa. Miaka ikapita, shaka ikahamia kwa mtu mwingine, na yule baba wa kambo akaja kuunga mkono vijana waachiwe. Waliachiwa 2011. Naye alikuwa ameishi miaka yote hiyo na uso wake kwenye filamu ya mauaji, bila kushtakiwa kwa mauaji hayo.

Kupima filamu ya kesi ya Uganda ni rahisi kuliko ya Marekani, kwa sababu moja ambayo watu hawaitumii. Kule, jopo la wananchi hurudi na neno moja au mawili bila kutoa sababu, na filamu hujaza pengo hilo inavyotaka. Huku, jaji huandika sababu zake. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa na Mahakama ya Juu zinasomwa bure kwenye tovuti ya ULII (Uganda Legal Information Institute). Tafuta kwa jina la mshtakiwa, anza na hukumu ya juu kabisa, kwa kuwa hiyo hueleza kwa ufupi ya chini yake, kisha shuka. Tafuta mahali jaji anapoorodhesha mashahidi wa mashtaka, ambao huandikwa PW1, PW2 na kuendelea. Linganisha na waliomo kwenye filamu. Kama PW4 ndiye aliyembana mshtakiwa na filamu haimtaji, umeshapata upendeleo wenyewe. Na ukikuta filamu ina shahidi ambaye hukumu haimjui, jiulize kwa nini hakuapishwa: huenda aliogopa, huenda alikuwa na la kusikia tu kwa wengine.

Mwisho, tarehe. Filamu husimama siku ilipofungwa, kesi huendelea. Brendan Dassey, mpwa wa Avery aliyekiri kushiriki mauaji yale ya 2005 akiwa na miaka 16, alionekana kwenye mfululizo wa 2015 kama mfungwa. Agosti 2016 mahakama ya shirikisho ikafuta hukumu yake. Desemba 2017 majaji wa rufaa wakairudisha kwa kura 4 dhidi ya 3. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza. Vipande vya vipindi hivyo vyote bado vinazunguka WhatsApp bila tarehe, na anayeletewa cha 2016 leo atakuambia kijana aliachiwa.