Damu ni ile ile, sasa kwa nini mafuta yanaharibu ateri na kuziacha veni?

Baba mdogo alipofanyiwa upasuaji wa moyo tulienda kumwona wodini tukakuta mguu wake wa kushoto una bandeji kuanzia kifundo mpaka juu ya goti, nikashtuka, nikajua kuna tatizo lingine tumefichwa. Nesi akatutuliza, akasema wametoa veni mguuni, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, wakaupachika kwenye moyo ili damu ipite kando ya sehemu iliyoziba ya ateri, ule mshipa unaotoa damu moyoni. Nikamuuliza, na huo wa mguuni wenyewe haujaziba? Akajibu, hiyo huwa safi. Nilirudi nyumbani na hilo jibu na sikulala vizuri, maana lilivunja kila kitu nilichokuwa naamini.

Nilikuwa naamini kama wengi wetu: mshipa ni kama bomba la sinki, unakula chips na nyama choma, mafuta yanapita, yanaganda pembeni kidogo kidogo mpaka siku moja bomba linaziba. Ndo maana zile meseji za kwenye magrupu zinaaminika sana, kwamba maji baridi baada ya chakula yanagandisha mafuta kwenye mishipa, au kwamba maji ya moto na limao asubuhi yanazibua. Lakini damu yako iko kwenye nyuzi joto 37 hivi, unywe maji baridi unywe ya moto, yanafika tumboni na mwili unayasawazisha kabla hayajaenda popote. Halafu kolestro, ndo hayo mafuta tunayoyasema, haielei kwenye damu kama mafuta juu ya mchuzi, inasafiri imefungashwa kwenye vichembe vidogo mno vyenye protini kwa nje, na aina mojawapo ni hiyo LDL unayoiona kwenye karatasi ya vipimo.

Ushahidi mzito zaidi ni mguu wa baba mdogo. Damu inatoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa veni, ni ile ile, na LDL yake ni ile ile, tena kwenye veni inatembea polepole zaidi. Ingekuwa ni habari ya kuganda kama kwenye bomba, veni ndo zingeziba mwanzo. Veni zina magonjwa yake, vilango vya ndani vinalegea mishipa ya miguu inatutumka, au damu inaganda bonge, lakini huu ugonjwa wa mafuta zikiwa mahali pake hazipati.

Kumbe mafuta hayagandi juu ya ukuta wa mshipa, yanaingia NDANI ya ukuta. Ukiwa umewahi kukaa nyumba ya karibu na bahari utaelewa haraka. Unyevu na chumvi vinapenya ukutani, vinakaa nyuma ya plasta, rangi kwa nje bado nzuri tu, halafu taratibu plasta inavimba, ukiigonga inalia tupu, na siku moja kipande kinadondoka. Ateri nayo ina ngozi ya ndani nyembamba, unene wa seli moja tu. LDL inapenya chini ya hiyo ngozi, inanasa, inaharibika, chembe nyeupe za damu zinafuata kusafisha, zinaila mpaka zinajaa mafuta na kufia humo humo. Mwili unajaribu kufunika huo uchafu kwa tabaka la nyuzi nyuzi, na hapo ndo uvimbe unapata umbo.

Na uvimbe huo mara nyingi unaanza kukua kwa kuelekea nje. Mwaka 1987 mtafiti Seymour Glagov na wenzake wa Chicago, Marekani, walionyesha kwamba ateri ya moyo inajitanua kufidia, njia ya damu haipungui sana mpaka uvimbe uwe umechukua karibu asilimia 40 ya eneo lake. Kwa hiyo mtu anatembea miaka hasikii kitu, halafu kifuniko kinapasuka, damu ikigusa ule uchafu inaganda hapo hapo ndani ya dakika, na hiyo ndo shambulio la moyo mara nyingi, hata pale ambapo njia haikuwa nyembamba sana.

Sasa kwa nini ateri? Sababu kubwa ni presha na mkondo. Kwenye ateri damu inapiga kwa mapigo, na pale mshipa unapogawanyika mkondo unavurugika. Fikiria mwani baharini: penye mkondo ulionyooka unalala wote upande mmoja, penye mawimbi yanayogongana unajisokota. Seli za ile ngozi ya ndani ziko hivyo hivyo, penye mkondo mzuri zimelala zimenyooka na zinabana vizuri, penye vurugu zinakaa ovyo na kupitisha LDL zaidi. Ndo maana uvimbe unapenda njia panda za shingoni na za moyoni. Presha peke yake haitoshi kueleza yote lakini, maana ukisimama wima presha ya veni kwenye kifundo cha mguu inapanda sana na bado veni inabaki salama, inaonekana mapigo na kutanuka kwa kila pigo vina mchango wake.

Nisieleweke vibaya kwamba kolestro haina kosa. Watu wanaozaliwa na LDL ya juu kupita kiasi wanapata shambulio la moyo wakiwa vijana. Bila LDL hakuna cha kunasa, mkondo unaamua inase wapi.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kinachoipata ile veni baada ya kuhamishwa. Upasuaji huu wa kutumia veni ya mguu ulianza kushika kasi baada ya kazi ya René Favaloro, daktari wa Argentina, huko Cleveland, Marekani, mwaka 1967, na tangu hapo imejulikana kwamba veni ikishapachikwa moyoni, ikaanza kupokea mapigo ya ateri, ukuta wake unanenepa na inapata ugonjwa ule ule. Baada ya miaka 10 karibu nusu zinakuwa zimeziba au zimeharibika vibaya, wakati ateri ya kifuani nyuma ya mbavu, ambayo wapasuaji wanaipenda kuliko veni, nyingi bado ziko wazi. Na veni ya mguu wa pili, pacha wa ile iliyohamishwa, ndani ya mtu yule yule anayekula chakula kile kile, inabaki haina hata chembe ya huo uvimbe.