Vipele vya usaha viganjani na mfupa wa kifua kuuma: huenda ni ugonjwa mmoja

Swali: Shikamoo daktari. Naanika dagaa Igombe, hapa Mwanza. Mwaka wa pili huu viganja na nyayo zinatoka vipele vya usaha. Nikadhani ni mchanga na jua. Sasa mtulinga umevimba pale unapokutana na kifua, hata ndoo siinui. Antibayotiki nimemeza mara tatu.

Jibu: Marahaba mama, pole sana. Bila kukupima siwezi kusema ni nini, ila ngozi na mfupa usivitenganishe. Upo ugonjwa adimu uitwao SAPHO, jina lililotolewa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1987. Kila herufi ni dalili: utando wa viungo kuvimba, chunusi kali, vipele vya usaha viganjani na nyayoni, mfupa kunenepa, na uvimbe ndani ya mfupa. Si lazima zije zote, wala kwa pamoja. Ngozi inaweza kutangulia mfupa kwa miaka. Na kwa watu wazima, ugonjwa huu hupenda hapohapo ulipopataja.

Swali: Nitawaambukiza wanangu?

Jibu: Kama ni SAPHO, hapana. Usaha wake ni chembe nyeupe za damu, na ukipimwa maabara kwa kawaida hauoti kijidudu. Kuleni sahani moja, wabebe.

Swali: Nikapimwe nini?

Jibu: Anzia kituo cha afya, uombe rufaa, kwa Kanda ya Ziwa kuna hospitali ya Bugando. Ukifika, vua viatu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huona haya, wakaeleza mfupa tu huku nyayo zimefichwa, na daktari akakosa nusu ya habari. Utapigwa eksirei na kupimwa damu. Kabla ya kuitaja SAPHO, ni lazima wahakikishe si kifua kikuu cha mifupa, maambukizi ya bakteria wala saratani. Wakati mwingine hukatwa kipande kidogo cha mfupa kikachunguzwe. Usikikatae.

Swali: Ina dawa?

Jibu: Ya kuumaliza kabisa hakuna, ila hutulizwa. Huanza na dawa za kupunguza uvimbe kama diklofenaki, kwa usimamizi, maana huumiza tumbo na figo zikizoeleka. Zisipotosha, kuna dripu ya pamidronati au vidonge vya methotrekseti. Hivi vya mwisho huharibu mimba: kama una ujauzito au unautafuta, mwambie daktari kabla hujameza hata kimoja.