Kati ya dripu moja na nyingine

Mama mmoja aliwahi kuniuliza swali nikalijibu sawasawa, na bado sikumsaidia. Alikuwa kwenye kiti, sindano mkononi, dozi yake ya kwanza, dawa nyekundu ikiteremka taratibu. "Sista, nywele zitatoka lini?" Nikamwambia: wiki ya pili au ya tatu tangu leo. Akaitikia kwa kichwa, akanyamaza. Aliyekuwa kiti cha pili, mwenye kilemba, dozi yake ya nne, akamgeukia.

"Ngozi ya kichwa itaanza kuuma kwanza, kama uliyesukwa ukakazwa sana. Ukisikia hivyo, usingoje zikutoke bafuni. Zikate fupi siku hiyo hiyo, na mtu wako wa karibu awepo. Na usiku lala umefunga kitambaa, asubuhi usizikute zimejaa kwenye mto wa kulalia."

Yule mama akalia. Kisha akafuta machozi, akauliza la pili, la tatu, la nne. Mimi sikuulizwa tena kitu mpaka dripu ikaisha.

Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa saratani, na ninaowazungumzia hapa ni wenye saratani ya titi; kazi yangu kubwa ni kuwapa tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani. Nimefikia kuamini kwamba sisi wa hospitali tunaijua dawa, ila siku za kuishi nayo wanazijua wagonjwa wenyewe. Mgonjwa anakaa kwetu saa chache tu, na wengi hurudi baada ya siku 21. Zote zilizobaki hapo kati anaziishi kwake, na huko ndiko maswali yanakozaliwa, mengine madogo hata anaona aibu kumsumbua daktari nayo. Nivae nini wakati mpira wa kutolea maji ya kidonda bado unaning'inia ubavuni? Nilale upande gani? Mtoto akitaka kupakatwa nimwambieje? Mwenye kovu kama lake atamjibu bila kufungua kitabu.

Dawa nyekundu niliyoitaja ni doksorubisini. Mkojo huweza kugeuka mwekundu au wa rangi ya chungwa kwa siku moja au mbili. Hii si damu, ni rangi ya dawa inayotoka mwilini. Tunalisema siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mtu amejaa hofu, anasikia nusu ya anayoambiwa. Mwenzake akimwambia jioni kwa simu, "hata mimi nilishtuka," linaingia.

Kuna jambo moja ninaloomba kila kikundi cha wagonjwa wanaokutana kusaidiana kilishike kama amana, nalo ni homa. Kiasi cha siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi, chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, huwa zimeshuka chini kabisa. Joto la mwili likifika nyuzi 38 katika siku hizo, hiyo ni dharura, hata kama mtu anajiona hana neno. Mgonjwa wangu mmoja alianza kutetemeka usiku, akataka kumeza parasetamoli alale, asubuhi ataona. Kwa bahati akampigia kwanza mwenzake wa kikundi. "Pima kabla hujameza chochote," akaambiwa, maana parasetamoli inaishusha homa ugonjwa ukabaki umejificha. Kipimajoto kikasoma 38.4. Usiku ule ule alikuwa wadini anapata antibiotiki kwa mshipa. Aliyemwambia apime hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mwanamke aliyeyapitia.

Lakini vikundi vina shimo lake, na nimeona watu wakitumbukia. Saratani ya titi si ugonjwa mmoja. Wawili wamekaa bega kwa bega, umri mmoja, titi lile lile, na matibabu yao hayafanani hata kidogo. Mmoja anameza tamoksifeni kila siku kwa miaka 5 au hata 10. Mwenzake hakuandikiwa kidonge hata kimoja, anaanza kuwaza kwamba amesahauliwa, au hana wa kumtetea. Ukweli uko kwenye jibu la maabara. Ipo saratani inayokua kwa kuvuta homoni ya estrojeni, na hiyo ndiyo inayozuiwa na tamoksifeni. Ipo yenye wingi wa protini iitwayo HER2, ambayo ina dawa yake ya kuilenga, na dripu zake mara nyingi huendelea kwa mwaka mzima. Na ipo isiyo na kipokezi, yaani mlango wa kuipokea homoni, cha estrojeni, wala cha homoni nyingine iitwayo projesteroni, wala wingi wa HER2, na kwa hiyo kidonge cha homoni hakina cha kuzuia.

Ndiyo maana huwaambia: kabla hujalinganisha dawa yako na ya mwenzako, muulize ana aina gani. Ukiwa huijui yako, njoo uniulize, nitakusomea jibu lako neno kwa neno. Ganzi ya vidole, wimbi la joto linalokuja ghafla na kupita upesi (si ile homa), ngozi iliyobabuka kwa mionzi, hayo yazungumzeni mpaka mshibe. Kuacha dawa, kupunguza dozi, au kuongeza dawa ya mitishamba juu ya dripu, hayo yaleteni hospitalini kwanza.

Kuna wenzangu wa kazi wasiopenda wagonjwa watembeleane, na woga huo si wa leo. Mwaka 1952 Terese Lasser, Mmarekani aliyeondolewa titi, alianza kuwaendea wanawake waliotoka kufanyiwa upasuaji kama wake. Aliwapelekea mpira mdogo na kamba ya kunyooshea mkono uliokakamaa upande wa kwapa, na titi bandia la kuvaa kwa muda. Madaktari hawakumpokea vizuri. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliichukua kazi yake kuwa mpango wake rasmi.

Huulizwa pia kama kikundi kinarefusha maisha. Mwaka 1989 utafiti mdogo wa wanawake 86 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa ulionyesha kwamba waliokutana kila wiki waliishi muda mrefu zaidi. Matumaini yakapanda. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235, haukuona nyongeza ya maisha, ila uliona dhiki imepungua na maumivu yamepungua. Mimi nasimama hapo. Simwahidi mtu miaka. Namwambia usiku utapungua urefu, na kwa mtu asiyelala hilo si dogo.

Wenye ugonjwa uliosambaa nawaombea kikundi chao wenyewe kila inapowezekana. Si rahisi kukaa katikati ya watu wanaohesabu dozi zilizobaki wakati zako hazina hesabu. Nao waliomaliza wana upweke wao: dripu imekwisha, ndugu wamepongeza wakarudi kwenye shughuli zao, na mtu ghafla hana siku ya kurudi kwetu, anajipapasa kwapa kila usiku. Hao ndio hunipigia simu wakisema hawana shida yoyote. Najua wanachotafuta, nami huwaomba waje siku ya dozi ya kwanza ya mtu mwingine.

Wapo wasiotaka kikundi kabisa, na siwalazimishi. Wengine mtu mmoja anawatosha. Kabla ya kuwakutanisha wawili, humuuliza kila mmoja peke yake kama yu tayari mwenzake ajue anaumwa nini, kwa sababu siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa. Nikikubaliwa na wote, nawapangia tarehe moja na viti vinavyopakana, halafu naenda kuandaa dawa.