Je, wajua kwa nini jani linalochoma mkono halichomi ulimi likishakuwa chai?

Jirani yetu hapa Igoma, Mwanza, alirudi kutoka kwao Nyeri, Kenya, na mfuko wa majani makavu, akatuita tukanywe chai. Alipotaja kwamba ni thabai, lile jani linalochoma, mmoja wetu akasogeza kikombe pembeni. "Jamani mama, unatunywesha upupu?"

Hakukosea sana. Ukitafuta jina la mmea huu kwenye kamusi utapewa "upupu", pengine "kiwavi". Ila upupu tunaoujua Mwanza, ule ambao wanafunzi watundu hupaka kwenye kiti cha mwalimu, ni mmea mwingine kabisa. Ni wa jamii ya maharage, unatambaa, na kinachowasha ni manyoya ya kahawia kwenye maganda yake. Thabai, Urtica massaica kwa jina la kitaalamu, huota nyanda za juu za Afrika Mashariki penye baridi na unyevu. Gorila wa milima ya Virunga hula mbichi majani yanayochoma ya jamii hii, lakini nao hawayavamii: huyakunja kwanza ndipo wayatie mdomoni.

Lichunguze jani bichi kwa karibu, bila kuligusa. Utaona vinywele vyeupe vimesimama. Kila kimoja ni sindano. Ncha yake ina silika, malighafi ile ile ya kioo, na juu kabisa kuna kifundo kidogo kinachokatika kikiguswa tu. Panapokatika hubaki makali ya mshazari, kama ya sindano ya hospitali. Yanaingia kwenye ngozi, na kifuko kilicho chini kikibanwa kinasukuma maji yake ndani. Mwingereza Robert Hooke aliitazama sindano ya aina hii kwa hadubini, akaieleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1665. Mwaka 1947 watafiti walionyesha kwamba ndani ya maji hayo mna histamini na asetilikolini. Histamini ndiyo inayokuachia vile vinundu vyekundu, utadhani umelala bila chandarua.

Kwa hiyo ili jani likuchome, lazima sindano iwe imesimama na iwe na maji. Maji ya moto huharibu vyote viwili: jani linalegea, sindano zinalala, na sumu kidogo iliyokuwamo inamwagika na kupotea ndani ya sufuria. Kukausha nako kunafika huko huko kwa njia ndefu, maana kifuko kinanyauka na vinywele vinavunjika ukiyafikicha majani. Anayejua kuandaa nsansa, ile mboga ya majani makavu ya Wasukuma, hahitaji somo hapa. Anika kivulini, mpaka yakatike yenyewe mkononi; yaliyokauka nusu bado yana ukali.

Kuchuma ndiko kwenye kazi. Vaa glovu nene (zamani tungejifunga rambo mkononi, ila tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku). Kata majani machanga ya juu tu, kabla mmea haujatoa maua; yaliyokomaa hujaa chembechembe za chokaa. Acha yaliyoota kando ya barabara au karibu na jalala. Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kinatosha kikombe kimoja: mimina maji yanayochemka, funika dakika tano hadi kumi, chuja.

Sasa, usishuke kutoka kwenye mawe ya Mwanza na jani lolote lililokuchoma ukalitia kwenye birika. Mimea inayochoma ni mingi, na kuchoma pekee si kitambulisho. Kama hujaonyeshwa thabai na mtu anayeijua, nunua iliyokaushwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, za presha au za sukari amuulize daktari kwanza, kwa kuwa jani hili lina vitamini K nyingi na humwongezea mtu haja ndogo. Mjamzito aiache. Wauza dawa za asili watakuambia inatibu magonjwa mengi kuliko mwarobaini. Mimi naihesabu kuwa chai.

Yule mgeni mwenzetu hatimaye alionja. Akatafuna midomo, akatulia, akasema: "Hii si maji ya mchicha tu?" Akaomba limau na asali, akamaliza kikombe.